Kuuza kwa kapu au kimoja kimoja: Tuangalie faida, si mauzo

KILA zinapokaribia sikukuu za mwisho wa mwaka, na tena mwezi Januari shule zinapofunguliwa, maduka mengi ya mijini hubadili mtindo wa kuuza. Bidhaa zilizokuwa zikiuzwa kimoja kimoja hukusanywa ndani ya kapu moja, likazungushiwa nailoni na utepe, na kuwekewa bei moja. Kapu la sikukuu huwa na mchele, mafuta ya kula, sukari, majani ya chai na biskuti. La shule huwa na madaftari, kalamu, mkebe, soksi na begi. Mtindo huo si mbaya na ukurasa huu hauna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni na hesabu inayopaswa kufanywa kabla ya kapu kufungwa, ambayo mara nyingi haifanywi kabisa.

Ukimwuliza mwenye duka kwa nini amefunga, jibu ni lile lile: mauzo yanapanda. Muuzaji mmoja wa vyombo vya nyumbani Kariakoo alimjibu mwandishi wa makala haya hivi: "Mdogo wangu, wewe biashara umeisoma chuoni, mimi nimeisoma hapa hapa. Mtu akiondoka na viwili badala ya kimoja, nimepata au nimekosa?" Swali lake ni zuri kuliko yeye mwenyewe alivyodhani. Inawezekana kabisa amekosa, tena amekosa nusu ya faida yake, huku droo ya fedha ikiwa imejaa kuliko jana.

Tuanze na mahali ambapo kufunga pamoja kuna faida ya kweli, yaani kwenye ving'amuzi. Watazamaji wa Azam TV, DStv na StarTimes wamelalamika kwa miaka mingi. Kwa nini mtu anayetaka mpira tu alipie kifurushi chenye katuni, tamthilia na mapishi? Kwa nini kila chaneli isiwe na bei yake? Kampuni hazipendi wazo hilo, na sababu si roho mbaya tu.

Chukua kaya mbili. Namba ni za mfano, nimezichagua ziwe nyepesi kwa msomaji mwenye kalamu na kipande cha karatasi. Kaya ya kwanza iko tayari kulipa mpaka Sh. 15,000/= kwa mwezi kwa chaneli ya mpira, lakini kwa tamthilia haitoi zaidi ya Sh. 6,000/=. Kaya ya pili ni kinyume chake: tamthilia Sh. 14,000/=, mpira Sh. 7,000/=. Kampuni ikiuza kila chaneli peke yake, bei ya mpira itakayoleta fedha nyingi ni 15,000/= kwa mteja mmoja, kwa sababu ikishushwa mpaka 7,000/= watanunua wote wawili lakini jumla ni 14,000/=. Kwa tamthilia hali ni hiyo hiyo: 14,000/= kutoka kwa mmoja inazidi 12,000/= kutoka kwa wawili. Mapato yote ni Sh. 29,000/=. Sasa chaneli zote mbili zifungwe pamoja kwa Sh. 21,000/=. Kila kaya inanunua, maana kwa kila moja thamani ya mpira na tamthilia ikijumlishwa inafika 21,000/=. Mapato yanakuwa Sh. 42,000/=.

Hapo hakuna uchawi wala utapeli. Kaya hizo zinapishana katika kila chaneli peke yake, lakini katika jumla zinalingana. Kifurushi kimezifanya zifanane, na wateja wanaofanana ni rahisi kuwapangia bei moja. Tena kampuni haikutumia hata senti ya ziada kuipelekea kaya ya kwanza tamthilia isiyoipenda sana. Mawimbi yalikuwa yameshapita juu ya paa lake.

Hesabu ya aina hii ilitolewa mwaka 1963 na George Stigler, mchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, baada ya kesi maarufu ya filamu nchini Marekani. Makampuni ya filamu yalikuwa yakiviuzia vituo vya televisheni filamu kwa mafungu: kituo kikitaka Casablanca, sharti kichukue na filamu hafifu kama Gorilla Man. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipiga marufuku mwaka 1962, ikiona kwamba mwenye mali nzuri anaitumia kusukuma mali mbovu. Stigler aliuliza swali la kibiashara: kama kituo kinaitamani Casablanca kiasi hicho, kwa nini kampuni isiiongezee bei hiyo hiyo filamu moja ikaachana na ile mbovu? Jibu lake ni hilo la kaya zetu mbili. Vituo vilikuwa vinatofautiana katika kuthamini filamu, na fungu lilifuta tofauti hiyo.

Sasa tuzipange upya namba zetu. Kaya ya kwanza ni yenye uwezo: mpira 15,000/=, tamthilia 14,000/=. Ya pili kipato chake ni kidogo: mpira 7,000/=, tamthilia 6,000/=. Namba ni zile zile nne, zimebadilishana viti tu. Kuuza kimoja kimoja bado kunaleta 29,000/=. Kufunga pamoja kwa 29,000/= kunapata mteja mmoja; kwa 13,000/= kunapata wawili na jumla ya 26,000/=. Faida ya kifurushi imeyeyuka yote. Mwenye fedha alikuwa anataka vyote, asiye nazo hakuweza chochote, na utepe haubadili hali hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza la mfanyabiashara si "nitafunga nini pamoja?" bali "wateja wangu wanatofautiana vipi?" Kama anayependa sana kitu cha kwanza ndiye huyo huyo anayependa cha pili, kapu halina kazi kubwa. Kama wapenzi wa cha kwanza si wapenzi wa cha pili, kapu linaweza kufanya kazi.

Linaweza tu. Hapa ndipo ninapomrudia kaka yangu wa Kariakoo, kwa sababu yeye hauzi mawimbi ya televisheni. Anauza chupa za chai na sufuria, na kila chombo kinachotoka dukani kwake amekilipia kwa muuzaji wa jumla.

Chombo kina bei ya kununulia

Tuchukue zile namba za kwanza zilizofanya kazi vizuri mno kwenye ving'amuzi. Mteja wa kwanza anaithamini chupa ya chai kwa Sh. 15,000/= na sufuria kwa Sh. 6,000/=. Wa pili anaithamini sufuria kwa Sh. 14,000/= na chupa kwa Sh. 7,000/=. Tuseme kila chombo kimemgharimu mwenye duka Sh. 9,000/= kwa jumla. Akiuza kimoja kimoja, chupa inakwenda kwa 15,000/= na kuacha faida ya 6,000/=, sufuria inakwenda kwa 14,000/= na kuacha 5,000/=. Faida ni Sh. 11,000/=.

Akizifunga pamoja kwa 21,000/=, wateja wote wawili wananunua. Mauzo yanaruka kutoka 29,000/= mpaka 42,000/=. Vyombo vinne vimetoka badala ya viwili, duka limechangamka, na kijana wa kufunga mizigo anatoka jasho. Lakini kila seti imemgharimu 18,000/=, hivyo inamwachia 3,000/= tu. Faida ya seti mbili ni Sh. 6,000/=. Mauzo yamepanda karibu nusu, faida imeshuka karibu nusu. Na ili kuipata faida hiyo ndogo, mtaji uliofungwa kwenye mali umekuwa 36,000/= badala ya 18,000/=. Kwa mtu anayefanya biashara kwa mkopo wa SACCOS au wa benki, huo mtaji wa ziada una riba yake.

Kilichotokea ni rahisi kukieleza, ingawa kwa macho hakionekani. Mteja wa kwanza haithamini sufuria zaidi ya 6,000/=. Mwenye duka ameinunua kwa 9,000/=. Ndani ya seti, sufuria hiyo imeuzwa kwa hasara ya 3,000/=, ila hasara hiyo imefichwa chini ya faida ya chupa. Angeiuza peke yake kwa 6,000/= angeona uchungu na kukataa. Ikiwa ndani ya kapu, anashangilia.

Hiyo ndiyo sababu makampuni ya simu, ving'amuzi na programu za kompyuta yanapenda vifurushi kuliko duka la vyombo linavyopaswa kuvipenda. Mnara ukishasimama, dakika moja zaidi haina gharama kubwa. Microsoft ilipoanza mwaka 1989 kuuza Word, Excel na PowerPoint kwa jina moja la Office, kumpa mhasibu na programu ya PowerPoint asiyoihitaji hakukuigharimu kitu cha maana. Mfanyabiashara wa bidhaa za kushikika akiiga mtindo huo bila kuangalia ankara za manunuzi anaiga biashara isiyo yake.

Mashirika ya ndege yalilitambua hilo kwa upande wa pili. Kwa miaka mingi tiketi ilikuwa kifurushi: kiti, begi na chakula kwa bei moja. Mwaka 2008, mafuta yalipopanda sana, American Airlines ikaanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza linalopelekwa kwenye buti la ndege, na mashirika mengine makubwa ya Marekani yakafuata. Begi lina uzito, uzito unakula mafuta, na abiria asiye na begi alikuwa anamlipia mwenzake. Fastjet ilipoanza safari zake Dar es Salaam Novemba 2012 ilikuja na mtindo huo huo, nauli ndogo na begi kwa bei yake. Abiria wengine walinung'unika, wengine wakapanda ndege kwa mara ya kwanza. Shirika hilo lilisimamisha safari zake nchini mwishoni mwa 2018, kwa hiyo asije mtu akadhani kufungua kifurushi peke yake kunaokoa biashara.

Marobota na miche ya sabuni

Ipo sababu nyingine ya kuuza kwa fungu ambayo haihusiani na ladha za wateja hata kidogo. Ni gharama ya kuchagua. Wanaoijua vizuri kuliko maprofesa ni wauzaji wa mitumba.

Robota la mitumba huuzwa likiwa limefungwa. Mnunuzi anaelezwa aina ya nguo na daraja lake, kisha analipa na kwenda kulifungulia kwenye kibanda chake. Humo atakuta nguo za kuvutia, za kawaida, na nyingine za kufutia meza. Kwa nini mwenye ghala asimruhusu afungue achague? Kwa sababu wa kwanza kufika angezoa nzuri zote, wa pili angeomba apunguziwe, wa tatu angeondoka, na mwenye ghala angebaki na rundo lisilo na mnunuzi pamoja na siku nzima iliyopotea kwa kupatana. Kwa kuuza robota zima, kila mnunuzi anabeba bahati yake na kazi ya kuchambua inafanywa mara moja tu.

De Beers imekuwa ikiuza almasi ghafi kwa utaratibu unaofanana na huo: wanunuzi wake maalumu hupewa sanduku lililokwisha kupangwa, kwa bei iliyokwisha kupangwa, la kuchukua lote au kuliacha lote. Zamani walikwenda London, tangu 2013 wanakwenda Gaborone. Mwaka 1983 wachumi wawili wa Marekani, Roy Kenney na Benjamin Klein, waliandika kwamba maana ya sanduku hilo ni hiyo ya kuzuia kila mtu kupoteza muda kuchagua jiwe moja moja. Kwa maoni yangu wangeweza kufikia hitimisho hilo kwa nauli ndogo zaidi kama wangetembelea Gikomba.

Lakini utaratibu huo unasimama kwa kitu kimoja, nacho ni imani. Mnunuzi analipia robota ambalo hajaliona kwa sababu mara iliyopita halikumwangusha. Ghala likianza kuchomoa nguo nzuri kabla ya kufunga, bei ya marobota yake yote itashuka, hata ya yale ambayo hayakuguswa. Mama anayepanga mafungu ya nyanya sokoni anajua sheria hiyo. Akiweka mbovu chini na nzuri juu atauza leo, na kesho mteja atageuza fungu lote kabla ya kulipa, au atahamia meza ya jirani.

Muuza mitumba wa rejareja naye anafanya kinyume cha ghala. Anafungua robota na kupanga bei nguo moja moja. Zile zinazoitwa kamera kule Gikomba zinatundikwa na kuuzwa ghali asubuhi, za kati zinapangwa mezani, na fagia zinamwagwa chini kwa bei moja ya kuchagua. Faida yake yote imo katika kukifungua alichouziwa kimefungwa.

Muuza duka wa mtaani, tuliyezoea kumwita Mangi, ana kazi ya namna hiyo. Anauziwa mche wa sabuni, anaukata vipande. Anauziwa dumu la mafuta, anapima kwa kipimo. Ukijumlisha bei ya vipande vyote inazidi bei ya mche, na wapo wanaomlaumu kwamba anawanyonya maskini. Mimi simlaumu. Mteja mwenye fedha ya leo tu hawezi kununua mche, na anayemkatia kipande anamfanyia huduma yenye gharama: muda, kisu, chenji, na kipande cha mwisho kinachokauka na kupungua. Anayetaka kumshinda kwa kuuza miche mizima mtaa ule ule atakuwa hajawaelewa wateja wa mtaa huo.

Hatari ya kapu kama dampo

Nimezunguka mpaka hapa ili nifike kwenye kosa linalowaumiza wengi: kutumia kapu kuondolea mali iliyododa. Nikiwa mkweli, hesabu haikatazi moja kwa moja. Mali iliyododa imeshalipiwa. Kama haiwezi kuuzika kokote leo kwa bei yoyote, basi kuiweka ndani ya kapu hakukugharimu kitu, sawa na ile tamthilia kwenye king'amuzi. Ikimfurahisha hata mteja mmoja kati ya watano, umepata.

Madhara hujitokeza baadaye, na hujitokeza kwenye daftari. Mwenye duka anaandika "makapu 60 yametoka". Mwezi unaofuata anapoagiza mali anatazama daftari na kuona kwamba zile biskuti zilizokaa rafuni miezi minane zimetoka pakiti 60. Anaagiza nyingine. Kapu limeifanya bidhaa mfu ionekane hai. Nimeona madaftari ya namna hiyo, na kila mara mwenye duka aliamini kwamba soko la bidhaa hiyo limefufuka. Dawa yake ni ndogo: kinachotoka ndani ya kapu kiandikwe kwenye safu yake mbali na kinachotoka peke yake, na oda ifuate safu ya pili. Jambo la pili, kapu zima huharibika siku bidhaa ya kwanza kati ya zilizomo inapopitisha tarehe yake. Mchele wa miezi mingi uliofungwa pamoja na keki ya wiki mbili ni kapu la wiki mbili.

Kapu zuri mara nyingi limeshafungwa na wateja wenyewe kabla mwenye duka hajalifikiria. Inasimuliwa kwamba khanga ilianza hivyo. Wanawake wa pwani, karne ya 19, walikuwa wakinunua leso zilizochapwa, wakiacha kuzikata na kuziunganisha sita kuwa kitambaa kimoja. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakachapisha kitambaa kizima. Mpaka leo khanga inauzwa kwa doti, vipande viwili, kwa sababu mvaaji anahitaji kimoja kiunoni na kingine kichwani au mabegani. Hakuna anayejiona amelazimishwa kununua cha pili. Mtungi mdogo wa gesi unaouzwa pamoja na jiko lake ni hivyo hivyo, maana asiye na jiko hana kazi na mtungi. Mwenye duka akikaa na risiti zake za wiki mbili ataona mwenyewe vitu gani hutoka pamoja bila kuombwa.

Je, basi turudi kuuza kimoja kimoja tu? Hapana. Njia inayofaa kwa maduka mengi ni kufanya yote mawili: bei ya kila kimoja ibaki rafuni, na seti iwe na bei yake pembeni. Turudi kwa chupa ya chai na sufuria, tuongeze mteja wa tatu, mtu anayeanza maisha na anayehitaji vyote. Kwake chupa ina thamani ya Sh. 13,000/= na sufuria Sh. 12,000/=, jumla 25,000/=. Akiuziwa seti tu kwa 21,000/=, kama wenzake, duka linapata faida ya 9,000/= kwa watu watatu. Kuuza kimoja kimoja tu, kwa bei bora za 13,000/= na 12,000/=, kunaleta faida ya 14,000/=. Lakini mwenye duka akiacha chupa kwa 15,000/=, sufuria kwa 14,000/=, na kuandika "vyote viwili 25,000/=", mteja wa kwanza atachukua chupa, wa pili sufuria, wa tatu seti. Faida ni 6,000/= na 5,000/= na 7,000/=, jumla Sh. 18,000/=. Seti imempata yule tu aliyestahili kuipata, na wale wawili hawakupewa kwa hasara chombo wasichokihitaji. Mwaka 1976 William Adams na Janet Yellen walilithibitisha jambo hili kwa michoro na hesabu ndefu. Ni Yellen huyo huyo aliyekuja kuongoza Benki Kuu ya Marekani na baadaye Wizara ya Fedha, kwa hiyo mwenye duka anayebandika bei tatu rafuni yuko katika kundi la heshima.

Angalizo moja kuhusu kuacha bei zote mbili. Punguzo la seti lisiwe kubwa wala la kudumu mpaka bei ya kimoja ikawa jina tu. Kwenye simu ndivyo ilivyokuwa. Tanzania na Kenya, mteja wa kawaida hajui tena dakika moja nje ya kifurushi ni shilingi ngapi. Kwake bei ya kifurushi ndiyo bei. Aprili 2, 2021 viwango vipya vya vifurushi vilipoanza kutumika Tanzania, kelele za wananchi zilikuwa kubwa kiasi kwamba viwango hivyo vilisitishwa na vya zamani vikarudishwa. Kenya malalamiko yalikuwa juu ya muda wa kuisha, na mwaka 2019 Safaricom ikaanza kuuza vifurushi vya data visivyo na tarehe ya mwisho. Makampuni makubwa yanaweza kuhimili msukosuko huo. Duka lenye kapu la "ofa" mwaka mzima litagundua siku ya kuiondoa kwamba wateja wanahesabu wamepandishiwa bei.

Upande wa sheria, mwenye duka dogo hana la kuogopa sana, lakini wakala pekee wa bidhaa inayotafutwa ajihadhari. Kumwambia mwenye duka "hupati katoni za hii mpaka uchukue na zile" si sawa na kumpa punguzo akichukua zote mbili. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 na ile ya Kenya ya 2010 zote zinakataza matumizi mabaya ya nguvu ya soko, na ya Kenya inataja wazi sharti la kuongeza kwenye mkataba jambo lisilohusiana nao. Wenye maduka wanaoandamwa na masharti hayo wadai ankara inayoonyesha bei ya kila kitu. Kapu lililopigiwa hesabu kwa jumla bila mchanganuo linamfaa aliyelifunga.

Mchanganuo huo ndio ambao wawekezaji wadogo wanapaswa kuutafuta nao. Wenye hisa za Safaricom Nairobi au Vodacom Tanzania kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam wanamiliki vipande vya biashara zinazoishi kwa vifurushi. Tangu Januari 2018, kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 15 inalitaka kampuni linalouza simu na muda wa maongezi kwa bei moja ligawanye mapato hayo kwa kila kitu kulingana na bei yake kikiuzwa peke yake. Ripoti ya mwaka ikifika, usiishie kwenye mstari wa mapato wala idadi ya wateja. Tafuta wastani wa mapato kwa kila mteja, uweke karibu na faida, na ulinganishe na mwaka uliotangulia. Kwa kampuni la simu, mapato yakipanda bila gharama kupanda nayo ni ile hesabu ya ving'amuzi. Kwa kiwanda cha vinywaji au cha sabuni kinachotangaza "nunua tano upate moja", chupa ya sita ina gharama, na faida ghafi ndiyo itakayokwambia kama umeshika hisa za mwenye mawimbi au za muuza sufuria.